Kufunga mwamba wa pweza: Biashara ya subira inayotaka hesabu

Na Mwandishi Wetu

SIKU za bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi, akina mama wa vijiji vingi vya mwambao wa Afrika Mashariki hushuka baharini kwa miguu. Kila mmoja hubeba chuma au kijiti chenye ncha, pamoja na ndoo au mfuko. Wenye uzoefu hawahangaiki kupekua kila jiwe. Hutafuta shimo lenye magamba ya kaa na chaza yaliyorundikwa mlangoni, kwani hayo ni mabaki ya chakula, na mwenye nyumba huwa ndani.

Kazi hiyo ina muda wa saa mbili au tatu tu kabla maji hayajarudi. Pwani anakosubiri mchuuzi mwenye mizani, pweza wa kilo mbili hupata mnunuzi mara moja. Wa kilo moja naye hana shida. Lakini katika ndoo nyingi siku hizi wamo pia pweza wa gramu 300 au 400, ambao hununuliwa kwa bei ya chini na kuishia kwenye sufuria ya supu mjini.

Mvuvi akiulizwa kwa nini amemchukua pweza mdogo kiasi hicho, jibu huwa fupi: asipomchukua yeye, atachukuliwa na mwenzake kabla jua halijazama. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linaloeleza kwa nini wanyama wengi wa baharini wanapungua. Bahari ni ya wote, kwa hiyo anayesubiri peke yake hupata hasara.

Kuna njia moja ya kuondoka katika mtego huo ambayo imejaribiwa kwa zaidi ya miaka 20 katika nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ni kijiji kizima kukubaliana kufunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi michache, kisha kuifungua kwa siku moja iliyopangwa. Makala haya yanaangalia utaratibu huo kama biashara: unalipa kiasi gani, unashindwa wapi, na ni wanyama gani ambao hauwezi kuwaokoa.

Mnyama wa mwaka mmoja

Pweza anayevuliwa kwa wingi katika mwambao wetu anajulikana na wataalamu kwa jina la Octopus cyanea. Tofauti na pweza wengi wengine, huyu huwinda mchana. Maisha yake ni mafupi mno. Huishi kwa kiasi cha mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu.

Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huingia shimoni, hutundika mayai yake yanayofikia malaki, kisha hukaa kuyalinda na kuyapepea kwa maji bila kula. Mayai yakishaanguliwa, mama hufa. Watoto wake huwa wadogo sana na huchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua kwenye mwamba, wakati mwingine mbali na mahali walipozaliwa.

Kwa mkulima, tabia hiyo si ngeni. Pweza anafanana zaidi na mahindi kuliko mnazi. Hukua haraka, huzaa mara moja na huisha. Akiachwa miezi miwili au mitatu akiwa mdogo, uzito wake huongezeka maradufu na zaidi. Akiachwa muda mrefu kupita kiasi, hufa mwenyewe na hakuna atakayevuna kitu, ingawa mayai yake yatabaki kuwa faida ya bahari.

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zimeweka uzito wa chini wa pweza kuwa gramu 500. Madagascar imeweka gramu 350. Viwango hivyo vinasaidia, lakini havitoshi. Utafiti uliofanyika kusini magharibi mwa Madagascar ulionyesha kuwa nusu ya majike hufikia utu uzima wakiwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo 2, wakati madume hukomaa wakiwa chini ya kilo moja. Maana yake ni kwamba pweza wa gramu 600, ambaye ni halali kabisa mbele ya mizani, akiwa ni jike bado ni mtoto. Kijiji kinachovua wa ukubwa huo tu kinakula mbegu.

Soko limekua, mwamba umebaki uleule

Zamani uvuvi wa pweza ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya akina mama na watoto, na pweza aliliwa nyumbani au kukaushwa na kuuzwa jirani. Mambo yalibadilika hasa kuanzia miaka ya 1990, kampuni za kusindika samaki zilipoanza kukusanya pweza vijijini kwa ajili ya masoko ya Ulaya. Bei ilipopanda, wanaume nao waliingia kwa wingi, wakiwa na miwani ya kuzamia, na kuwafikia pweza wa maji ya kina ambao awali hawakuguswa na mtu. Kuongezeka kwa watalii na wauza supu mijini kumeongeza wateja wa ndani.

Wakati wavuvi wakiongezeka, nyumba ya pweza imekuwa ikiharibika. Uvuvi wa baruti uliosumbua mwambao wa Tanzania Bara kwa miongo kadhaa ulivunja matumbawe kuwa kifusi. Umepungua sana tangu mwishoni mwa muongo wa 2010 kutokana na operesheni za vyombo vya dola, lakini matumbawe yaliyovunjika hayarudi kwa mwaka mmoja wala miwili. Makokoro yanayoburuzwa chini nayo yana mchango wake, kama ilivyo kwa mvuvi wa pweza mwenyewe anayepindua mawe na kupasua mwamba kwa nondo ili kupanua mlango wa shimo. Shimo likishapasuliwa, pweza mwingine hahamii hapo.

Juu ya yote hayo kuna joto la bahari. Mwaka 1998 maji ya moto yaliyaua matumbawe mengi katika eneo letu la Bahari ya Hindi, na matukio ya matumbawe kupauka yalijirudia mwaka 2016 na 2024. Kijiji hakiwezi kupoza bahari. Kinachoweza ni kuupunguzia mwamba mizigo mingine ili upate nafasi ya kupona.

Waliotangulia

Kijiji cha Andavadoaka, kilichopo kusini magharibi mwa Madagascar, ndicho kinachotajwa sana katika habari hizi. Wakazi wake ni Wavezo, watu wanaoishi kwa bahari. Novemba 2004, wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures la Uingereza, walifunga uvuvi wa pweza katika eneo moja la mwamba na kulifungua Juni 2005. Siku ya kufungua walijitokeza watu wengi, wakiwamo wa vijiji vya jirani, na pweza walikuwa wakubwa kuliko waliozoeleka.

Habari zilienea haraka kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Mwaka 2005 Serikali ya Madagascar iliweka kipindi cha kila mwaka cha kupumzisha uvuvi wa pweza, kuanzia Desemba 15 hadi Januari 31. Mwaka 2006 vijiji vya eneo la Andavadoaka viliungana na kuunda eneo moja la bahari linalosimamiwa na wananchi wenyewe, linaloitwa Velondriake.

Kwa msomaji mfanyabiashara, jambo la maana zaidi ni hesabu zilizowekwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza ufungaji 36 uliofanyika katika vijiji hivyo kati ya mwaka 2004 na 2011. Kwa kawaida kijiji kilifunga kiasi cha sehemu moja ya tano ya maeneo yake ya kuvulia pweza, kwa muda wa miezi miwili au mitatu.

Katika siku 30 baada ya kufungua, pweza waliotoka katika maeneo yaliyofungwa waliongezeka kwa asilimia 718 wakilinganishwa na siku 30 kabla ya kufunga. Msomaji asivutwe na takwimu hiyo peke yake, kwa sababu sehemu yake ilitokana na watu wengi kukimbilia mahali pamoja. Inayofaa kuangaliwa ni nyingine: mvuvi mmoja kwa siku moja alipata asilimia 87 zaidi ya alivyokuwa akipata. Mapato ya pweza ya kijiji kizima katika siku hizo 30 yaliongezeka kwa asilimia 132. Aidha, wakati mwamba ukiwa umefungwa, mapato ya vijiji hayakuonekana kushuka kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa watu waliendelea kuvua katika sehemu zilizobaki wazi.

Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha kuwa ufungaji ulioleta faida halisi ni 27 kati ya 36. Tisa haukuleta. Anayewaambia wanakijiji kuwa kufunga mwamba kunalipa kila mara hawaambii ukweli, na hao tisa ndio wenye mafunzo kwa anayetaka kuanza.

Kwingineko, kisiwa cha Rodrigues, ambacho ni sehemu ya Mauritius, kimekuwa kikifunga uvuvi wa pweza kwa miezi miwili kila mwaka tangu mwaka 2012. Huko baadhi ya wavuvi walipewa kazi mbadala za kulipwa, kama kusafisha fukwe, ili wavuke kipindi hicho bila njaa.

Hapa kwetu, Kisiwa Panza kilichopo kusini mwa Pemba ni miongoni mwa vijiji vya kwanza Zanzibar kufunga mwamba wa pweza kwa utaratibu wa kijiji, kikisaidiwa na mtandao wa jamii za pwani unaoitwa Mwambao. Vijiji vingine vya Pemba na Unguja, pamoja na Songosongo wilayani Kilwa, navyo vimejaribu. Kwa hiyo anayetaka kujifunza halazimiki tena kusafiri hadi Madagascar.

Hesabu ya kijiji

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei zilizotumika hapa ni za kufikirika, kila kijiji kiweke zake.

Tuseme mwamba mmoja una pweza 100 wenye gramu 500 kila mmoja. Wakivuliwa wote leo ni kilo 50. Kwa bei ya Sh8,000 kwa kilo, kijiji kinapata Sh400,000.

Sasa tuseme kijiji kinafunga mwamba huo kwa miezi mitatu. Mkunga na papa watakula baadhi, wengine watahama, wengine watakufa. Tuchukulie wamebaki 60, na kila mmoja amefikia kilo moja na nusu. Hizo ni kilo 90. Kwa bei ileile ya Sh8,000, kijiji kinapata Sh720,000.

Lakini siku ya kufungua pweza ni wengi kuliko kawaida, na mnunuzi analijua hilo. Akishusha bei hadi Sh6,000, mapato yanakuwa Sh540,000. Tukitoa Sh60,000 za mafuta ya boti ya doria, zinabaki Sh480,000. Bado kuna faida ya Sh80,000.

Akishusha bei hadi Sh4,000, kilo zile 90 zinaleta Sh360,000 tu. Kijiji kimesubiri miezi mitatu ili kipate pungufu ya kile ambacho kingepata siku ya kwanza.

Na kama doria ilikuwa legelege, wezi wakachukua theluthi moja ya pweza usiku, zinabaki kilo 60. Hata kwa bei ya Sh6,000, mapato ni Sh360,000. Hasara tena.

Msomaji ataona kuwa pweza mwenyewe ametimiza wajibu wake katika mifano yote. Amekua. Kinachoamua faida au hasara ni mambo mawili yaliyo mikononi mwa watu: ulinzi wa mwamba na bei ya siku ya kufungua.

Bei ijadiliwe kabla

Kosa linalogharimu zaidi ni kufungua mwamba kabla ya kuzungumza na wanunuzi. Pweza huharibika haraka kwa joto letu. Mvuvi mwenye kilo kumi mchangani saa saba mchana, bila barafu na mbele ya mnunuzi mmoja, hana nguvu ya kujadili chochote. Mara nyingi mnunuzi huyo ndiye aliyemkopesha fedha za chakula wakati mwamba umefungwa, na deni hilo huhesabiwa kwenye bei.

Kamati inaweza kuepuka hali hiyo kwa kuwaita wanunuzi wiki mbili au tatu kabla, zaidi ya mmoja, na kuwaambia siku ya kufungua na makadirio ya mzigo. Atakayekubali bei nzuri kwa maandishi na kuleta barafu ya kutosha ndiye apewe nafasi. Pweza wapangwe kwa ukubwa, kwa sababu wanunuzi wa nje huwataka zaidi wale wakubwa, na kuwachanganya na wadogo ni kujipunguzia bei. Sehemu ya mzigo inaweza kukaushwa kwa ajili ya soko la ndani, ili kisije kikauzwa kila kitu kwa siku moja.

Kwa mchuuzi mdogo, hii nayo ni fursa. Anayejua tarehe mapema anaweza kukodi usafiri na barafu pamoja na wenzake, kutafuta oda za hoteli na wauza supu, na kununua pweza bora kwa wingi. Biashara ya kupanga ni nafuu kuliko ile ya kusubiri kila bamvua bila kujua ndoo zitakuja na nini.

Suala la kipato katika miezi ya kufunga nalo lisiachwe kwa bahati. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo karibu kila kijiji kinavyo, vinaweza kupanga mzunguko wake ili fedha zigawiwe mwamba unapofungwa. Wanaolima mwani, wanaofuga kuku au wenye shamba la mihogo wataona kuwa miezi mitatu si mingi wakichagua kipindi kinachoendana na kazi zao nyingine.

Akina mama wasiachwe nyuma

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya kijiji kwa ujumla huweza kulificha. Mwamba unapofungwa, wanaoumia zaidi ni wale waliokuwa wakiutegemea kila bamvua, yaani akina mama wa miguu. Mwamba unapofunguliwa, wanaume wenye miwani na mashua ndio wanaowahi kwenye pweza wakubwa. Kijiji kikisema kimepata faida, ni halali kuuliza ni nani ndani ya kijiji.

Dawa yake si ngumu. Mwamba unaofungwa uchaguliwe kwa mashauriano na akina mama wenyewe, na wawemo katika kamati kama wajumbe wenye sauti. Siku ya kufungua ipangwe wakati wa bamvua kubwa, ili mwamba ufikike kwa miguu. Saa za mwanzo, au siku ya kwanza yote, ziachwe kwa wanaovua kwa miguu, na wazamiaji wafuate baadaye. Wageni kutoka vijiji jirani wajulishwe masharti mapema, walipe ada kama wenyeji walivyokubaliana, ama wakae nje.

Wanyama wasiosubirika kwa miezi mitatu

Mafanikio ya pweza yanaweza kumfanya mtu adhani kila kiumbe cha baharini kinaweza kuokolewa kwa njia hii. Si hivyo. Pweza hurudi upesi kwa sababu anaishi upesi. Katika bahari hiyohiyo wamo wanyama wanaofanana zaidi na mbuyu.

Kasa huchukua kati ya miaka 20 na 50 kabla ya kuanza kutaga. Kasa aliyenaswa na jarife leo huenda alianguliwa kabla mvuvi mwenyewe hajazaliwa. Nguva jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitatu hadi saba, na katika Tanzania wachache waliobaki wanapatikana hasa katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Silikanti, samaki wa kale aliyeanza kunaswa katika majarife ya maji ya kina huko Tanga mwaka 2003, alikadiriwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuwa anaishi karibu miaka 100 na kubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Kwa ajili yake ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009.

Kwa wanyama hao, kufunga eneo kwa miezi mitatu hakuna maana. Kinachotakiwa ni wasiuawe kabisa, na sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kuvua kasa na nguva. Lakini sheria peke yake haimlipi mvuvi ambaye jarife lake limechanwa na kasa. Ndiyo maana huko Watamu, Kenya, tangu mwaka 1998 umekuwapo mpango ambao mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya hutoa taarifa, kasa huchukuliwa na kurudishwa baharini, na mvuvi hulipwa fidia ndogo. Katika Mafia, shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji kulinda mayai ya kasa, na watalii wanaokuja kutazama watoto wa kasa wakielekea baharini huacha fedha ambazo sehemu yake huenda kijijini. Vivyo hivyo papa potwe wa Mafia, ambaye akiuzwa ni mzigo wa siku moja, huleta wageni kila msimu kuanzia karibu Oktoba hadi Februari.

Kuna sababu nyingine ya kumwacha kasa. Nyama yake wakati mwingine huwa na sumu ambayo haitoki kwa kupikwa. Machi 2024 katika Kisiwa Panza, kisiwa hichohicho kilichotajwa hapo juu kwa kufunga mwamba wa pweza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya nyama ya kasa kuliwa, na wengine zaidi ya 70 walilazwa hospitalini. Mwaka 2021 pia watu saba walifariki Pemba kwa sababu hiyo. Hakuna njia ya kumtambua kasa mwenye sumu kwa macho.

Nini kifanyike

Kwa kijiji kinachotaka kuanza na pweza, hatua ya kwanza ni kuonana na afisa uvuvi na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, au kwa upande wa Zanzibar kamati ya wavuvi ya shehia. Makubaliano yanayobaki ya mdomo tu huvunjika kesi ya kwanza ikifika. Yaandikwe, yapitishwe na mkutano wa kijiji na yapewe nguvu ya sheria ndogo, ili mwizi akikamatwa iwepo adhabu ya kumpa.

Pili, kianze na eneo dogo linaloonekana kutoka pwani. Mwamba mkubwa ulio mbali hutamanisha, lakini kuulinda usiku wakati wa kusi kunataka boti, mafuta na watu ambao wengi hawana. Mipaka iwekewe maboya au ielezwe kwa alama ambazo kila nahodha anazijua.

Tatu, yahifadhiwe maandishi. Daftari la kilo, idadi na bei kabla ya kufunga na baada ya kufungua ndilo litakaloeleza kama kijiji kiko miongoni mwa wale 27 au wale tisa. Bila daftari, mwaka wa pili hugeuka ubishi.

Nne, kiasi kidogo kwa kila kilo kikatwe siku ya kufungua kwa ajili ya doria ijayo. Ulinzi unaotegemea fedha za mfadhili huisha siku mfadhili anapoondoka.

Halmashauri za wilaya za pwani, ambazo hukusanya ushuru wa mazao ya bahari, zingefanya vema kurudisha sehemu yake kwenye mafuta ya doria na mashine za barafu. Fedha hizo zitarudi zenyewe katika ushuru wa pweza wakubwa.

Na mchuuzi asijione yuko nje ya jambo hili. Mvuvi humchukua pweza wa gramu 300 kwa sababu anajua yupo wa kumnunua. Siku wachuuzi wa mwalo mmoja watakapokubaliana kuwa mizani zao hazipokei pweza wa chini ya gramu 500, kazi ya doria itakuwa imepungua nusu. Pweza huyo mdogo atakuwa bado yuko kwenye shimo lake, na bamvua la miezi mitatu ijayo halikosi kufika.